Kusoma historia ya dunia na fikra za ujamaa bila kukwama ukurasa wa 40

Kitabu cha kwanza cha siasa nilichonunua kwa hela yangu mwenyewe kilikuwa juzuu ya kwanza ya Capital ya Karl Marx, chapa ya Progress ya Moscow, jalada gumu, kurasa zimeshapata rangi ya chai. Nilikipata kwa muuza vitabu vya mitumba aliyekuwa akitandaza bidhaa yake chini, karibu na Posta, Dar es Salaam. Nilirudi nacho nyumbani kwa mikogo. Wiki ya pili nikakwama ukurasa wa 40. Kuanzia hapo kazi yake ikawa kuegemezwa mlangoni ili upepo usiubamize, na kazi hiyo kiliiweza.

Baadaye sana nikaja kujua kwamba Marx mwenyewe alikwisha onya kuwa mlango ule ni mgumu, akataja na milango mingine ya kupitia. Tutaifikia huko mbele. Kwanza niseme mwongozo huu ni wa nani. Ni wa mtu anayesoma Kiswahili vizuri na Kiingereza cha kujikongoja, hana mwalimu, ana saa moja jioni akishatoka kazini, na anataka kujua dunia ilifikaje hapa ilipo na wajamaa walisema nini juu yake. Si lazima awe mjamaa. Mimi mwenyewe nimebadili msimamo mara mbili, na sijui kama nimemaliza.

Hatua ya 1: Andika swali lako kabla ya kutafuta kitabu

Nunua kauntabuku. Ukurasa wa kwanza andika swali moja linalokukereketa, la maisha yako, siyo la mtihani.

Langu lilitoka kwenye daladala. Kila Mei Mosi ikikaribia hakosekani abiria wa kusema kwamba serikali ikipandisha mishahara wenye maduka nao watapandisha bei, kwa hiyo ni kelele za bure. Nimelisikia neno hilo kwa kondakta, kwa mwalimu, na kwa mwenye duka ambaye alilisema huku anabandika bei mpya. Je, ni kweli? Jirani yangu swali lake lilikuwa jingine: kwa nini babu yake aling'olewa kwenye shamba lake la mikorosho mwaka 1974 akapelekwa kuishi kijijini. Dada mmoja wa Tanga aliuliza kwa nini reli za zamani zote zinaishia baharini.

Mwenye swali huwinda, asiye nalo hutembeatembea tu porini. Ukishika kitabu chochote kati ya vitakavyotajwa hapa, jiulize kila baada ya sura: kimenisogeza karibu na swali langu, au hapana? Kama sura tatu mfululizo hazijakusogeza, kiweke. Vitabu havina kisasi.

Hatua ya 2: Anza na Azimio la Arusha, kwa Kiswahili

Watu wengi huanza kwa wazungu halafu wakija nyumbani wamechoka. Geuza. Azimio la Arusha na siasa ya TANU juu ya Ujamaa na Kujitegemea ni kijitabu, unakimaliza kwa jioni mbili. Kilipitishwa na Halmashauri Kuu ya TANU, chama kilichokuwa kikitawala, mwishoni mwa Januari 1967 mjini Arusha, kikatangazwa tarehe 5 Februari, na kesho yake mabenki yakatangazwa kuwa mali ya umma. Kina sehemu tano: imani ya TANU, siasa ya ujamaa, siasa ya kujitegemea, uanachama, na mwisho masharti ya uongozi.

Kisome mara mbili. Mara ya kwanza bila kalamu, kama unavyosoma barua. Mara ya pili shika penseli na utie alama za aina tatu pembeni: D kila mahali panapotolewa dai ambalo mtu anaweza kwenda kulihakiki, L kila penye "lazima" au "haifai", na N kila penye neno zito ambalo halikufafanuliwa. Zoezi hili linaonekana la kitoto. Lakini baada ya kurasa kumi utaona mwenyewe kwamba maandishi ya siasa yamefumwa kwa nyuzi hizo tatu, na kwamba mwandishi hodari hukupitisha kutoka kwenye D hadi kwenye L bila wewe kusikia kishindo.

Sehemu ya tatu ndiyo yenye nyama. Hoja yake ni kwamba nchi maskini imechagua silaha isiyo yake: inategemea fedha, na fedha haina. Kisha inakuja hoja ambayo wengi wanaolisifu Azimio hawaikumbuki. Mikopo ya nje inajenga zaidi mjini, lakini inalipwa kwa mazao ya wakulima, kwa hiyo tusipoangalia, wanyonyaji wakubwa tutakuwa sisi watu wa mjini. Nilipoisoma mara ya kwanza nilikuwa nimekaa kibarazani Temeke, umeme unawaka, nikajikuta naangalia taa.

Sehemu ya tano ni fupi na kali. Kiongozi asiwe na hisa katika kampuni yoyote, asiwe mkurugenzi katika kampuni ya kibepari, asiwe na mishahara miwili au zaidi, asiwe na nyumba ya kupangisha. Mwaka 1991 kikao cha CCM, chama kilichoirithi TANU, kule Zanzibar kiliyalegeza masharti hayo. Andika miaka hiyo miwili, 1967 na 1991, kwenye ukurasa mmoja wa daftari. Nafasi iliyo katikati utaijaza polepole.

Ukitaka kuona jinsi neno moja linavyoweza kuvaa nguo mbili, tafuta Waraka Na. 10 wa serikali ya Kenya wa 1965. Nao unajiita wa ujamaa wa Kiafrika, lakini unakaribisha mtaji wa nje na mali ya mtu binafsi. Ulikosolewa mapema: mwezi Julai mwaka huohuo mchumi mmoja kijana, Barack Obama, baba yake yule aliyekuja kuwa rais wa Marekani, aliuchambua katika jarida la East Africa Journal akiuliza, miongoni mwa mengine, kwa nini serikali haishughulikii tofauti za kipato zinazozidi kukua.

Hatua ya 3: Fungua ukurasa wa maneno

Hapa ndipo msomaji wa Kiswahili ana bahati na mtego kwa pamoja. Bahati ni kwamba maneno tunayo, yalishazoeleka mitaani tangu miaka ya 60 na 70: kupe, mirija, mnyonyaji, kabwela. Mtego ni kwamba yana historia zao, na ukiyachukua kijuujuu yatakupotosha.

Chukua "bepari". Limetoka India, na maana yake ya asili ni mfanyabiashara tu, mtu wa kununua na kuuza. Ndiyo maana Mwalimu Nyerere alipotafsiri tamthilia ya Shakespeare mwaka 1969 aliiita Mabepari wa Venisi. Lakini kwa Marx kununua na kuuza peke yake hakumfanyi mtu kuwa bepari. Bepari ni yule ambaye fedha yake inaajiri watu wasio na cha kuuza isipokuwa nguvu zao. Mama muuza vitumbua, kwa maana hii, si bepari hata kidogo, ingawa anapata faida. Mwaka 1967 haikuwa rahisi kwa kila mtu kuiona tofauti hiyo, na hata leo si rahisi.

Chukua "mapinduzi". Sisi tunalitumia kwa askari waliomwondoa rais usiku, kwa umma ulioingia barabarani, na kwa kuja kwa mashine za mvuke huko Uingereza. Ni mambo matatu tofauti. Kila ukilikuta, andika pembeni ni la aina gani.

"Dola" nalo si "serikali". Serikali huja na kuondoka kila uchaguzi, dola ni jeshi, polisi, mahakama, magereza na makarani wanaobaki palepale. Lenin, kiongozi wa mapinduzi ya Urusi, alipoandika kijitabu chake juu ya dola na mapinduzi, katikati ya mwaka 1917, alikuwa anauliza ikiwa wafanyakazi wanaweza kuirithi mashine ile ile au lazima waivunje. Ukisoma "serikali" mahali pa "dola" kitabu kizima kinageuka porojo.

Na kuna ile ngazi tuliyokaririshwa shuleni: ujima, utumwa, umwinyi, ubepari, ujamaa. Mwalimu wangu aliichora ubaoni kama ngazi ya kwendea darini, na chini ya umwinyi akatuandikia nyarubanja ya Buhaya (wakulima kulima ardhi ya bwana kwa malipo) na ubugabire wa Buha (mtu kupewa ng'ombe na bwana ili amtumikie) kama mifano ya kukariri. Ngazi hiyo inasaidia kupanga mawazo, lakini usiiabudu. Mwaka 1877 Marx aliandika barua kwa jarida moja la Urusi akilalamika kwamba kuna mtu amechukua maelezo yake juu ya jinsi ubepari ulivyozaliwa Ulaya Magharibi na kuyageuza kuwa njia ambayo kila taifa halina budi kuipita. Alikataa katakata. Kwa hiyo ukimkuta mtu anakwambia nchi yako "bado haijafikia hatua", mwulize nani alimpa ratiba.

Neno la mwisho ni "ujamaa" lenyewe. Katika kijitabu chake cha Aprili 1962 Nyerere alilitoa kwenye undugu wa jamaa, na akasema wazi kwamba hakubaliani na ule ujamaa unaojengwa juu ya imani kwamba binadamu hawana budi kugombana. Abdulrahman Babu wa Zanzibar, ambaye alikaa gerezani Bara kuanzia 1972 hadi 1978, alimjibu katika kitabu cha 1981, African Socialism or Socialist Africa?, kwamba matabaka yapo utake usitake, na mwenye kuyafumbia macho atatawaliwa nayo. Ugomvi huo wa watu wawili waliojuana, waliokaa baraza moja la mawaziri, ni darasa bora kuliko kamusi.

Hatua ya 4: Tundika kamba ya miaka, kisha historia

Bila kamba ya miaka, historia ya dunia ni mfuko wa njugu uliopasuka. Andika miaka 12 kwenye karatasi ndefu uibandike ukutani: 1789 (mapinduzi ya Ufaransa), 1804 (uhuru wa Haiti), 1848 (Ilani ya Kikomunisti), 1871 (Komuni ya Paris), 1884 (mkutano wa Berlin), 1917 (mapinduzi ya Urusi), 1929 (mdororo wa uchumi), 1945 (mwisho wa vita vya pili), 1949 (mapinduzi ya Uchina), 1955 (mkutano wa Bandung), 1964 (mapinduzi ya Zanzibar na Muungano), 1991 (kuvunjika kwa Urusi ya Kisovieti). Usizidishe. Kila kitabu utakachosoma, ning'iniza jambo moja au mawili kwenye mwaka unaofaa. Tahadhari ndogo: mapinduzi ya Urusi yanaitwa ya Oktoba lakini kwa kalenda yetu yalitokea tarehe 7 Novemba, kwa sababu Warusi walikuwa bado wanatumia kalenda ya kale. Wengi wamebishana bure juu ya hilo.

Kwa msomaji anayeanza napenda Glimpses of World History cha Jawaharlal Nehru, mpigania uhuru wa India aliyekuja kuwa waziri mkuu wake. Ni barua karibu 200 alizomwandikia bintiye Indira kati ya 1930 na 1933, nyingi akiwa katika magereza ya Waingereza. Binti alikuwa na miaka 13 barua zilipoanza, kwa hiyo lugha ni ya baba anayeeleza, siyo ya profesa anayejitapa. Kinazidi kurasa 900, lakini usitishike: barua moja ni kurasa chache, unasoma moja wakati maharage yanachemka. Kasoro zake ni kwamba hakuwa na maktaba pembeni, alitegemea madaftari yake, na Afrika kusini ya Sahara anaigusa kwa ncha ya kidole. Faida yake kubwa ni kwamba dunia yake haianzii London. Uchina, Uajemi, Waarabu na India wamekaa katikati ya ukumbi.

Ukipenda habari za uchumi zaidi kuliko za wafalme, Leo Huberman aliandika Man's Worldly Goods mwaka 1936, kuanzia kabaila na mtumwa wa ardhi hadi viwanda. Kiingereza chake ni chepesi mno. Sura za mwisho zinausifu mpango wa uchumi wa Urusi, na mwaka huohuo, mwezi Agosti, ndipo Stalin alipoanza kuwafikisha wakongwe wa chama chake mahakamani Moscow na kuwapiga risasi. Usimtupe mwandishi kwa hilo. Andika tu tarehe hizo mbili pamoja kwenye kamba.

Eric Hobsbawm ana vitabu vinne vinavyotoka 1789 hadi 1991. Ni vizuri sana, na si vyepesi. Anza na cha mwisho, Age of Extremes, kwa sababu kinahusu karne ambayo wazee wako waliiishi, na ruka sura za sanaa kama zinakuchosha.

Sasa fika 1804 na usimame, maana hapo ndipo vitabu vingi vya shule hupita mbio. Agosti 1791 watumwa wa koloni la Ufaransa la Saint-Domingue waliinuka. Walipigana na wamiliki wao, na Wahispania, na Waingereza, na mwisho na jeshi la Napoleon. Kiongozi wao Toussaint Louverture alikamatwa kwa hila na kufia katika ngome yenye baridi huko Ufaransa, Aprili 1803. Tarehe 1 Januari 1804 jenerali wake, Dessalines, akatangaza uhuru wa Haiti. Mwaka 1825 Ufaransa ikaleta manowari na kuitaka Haiti ilipe faranga milioni 150, ambazo baadaye zilipunguzwa hadi milioni 90, kuwafidia wenye mashamba waliopoteza mali, na katika mali hiyo walihesabiwa watumwa. Yaani watu walijilipia wenyewe. C. L. R. James alikiandika kisa hicho mwaka 1938 katika The Black Jacobins, na hata kama utasoma kitabu kimoja tu cha mapinduzi katika maisha yako, ningependa kiwe hicho. Baada yake kauli ya kwamba uhuru na usawa vilizaliwa Paris vikaletwa kwetu kama msaada wa unga huwezi tena kuimeza.

Kisha Walter Rodney, mwanahistoria wa Guyana. How Europe Underdeveloped Africa kilitoka 1972, London na Dar es Salaam kwa pamoja, mwandishi akiwa mhadhiri pale Mlimani, yaani Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, umri miaka 30 hivi. Kina sura sita. Ushauri wangu ni kuanza na ya sita, ile inayochambua faida zinazodaiwa kuletwa na ukoloni, kwa sababu reli, shule na zahanati unazifahamu na unaweza kubishana naye. Hapo ndipo dada yetu wa Tanga alipopata sehemu ya jibu lake: reli zilichorwa kutoka shambani na mgodini hadi bandarini, hazikuchorwa kuunganisha soko la mtu mmoja na la mwingine. Reli ya Tanga ilianza kujengwa 1893, mwaka uleule ambao Mjerumani Richard Hindorf alileta mbegu za mkonge kutoka ng'ambo. Ukishamaliza ya sita rudi ya kwanza, ambayo inauliza maendeleo ni nini, halafu nenda kwa mfululizo. Rodney aliuawa kwa bomu kwao Georgetown, Guyana, tarehe 13 Juni 1980.

Hatua ya 5: Changanya na riwaya

Ubongo ukichoka na hoja, mpe watu. Kuli ya Shafi Adam Shafi inakupeleka bandarini Zanzibar, kwenye mgomo wa wachukuzi wa 1948. Gamba la Nyoka ya Euphrase Kezilahabi ndiyo niliyompa jirani yangu wa mikorosho, kwa sababu inahusu watu kuhamishiwa vijijini, na yeye akanirudishia baada ya siku mbili akiwa kimya. Zote mbili zilitoka 1979. Frantz Fanon, mwandishi wa kupinga ukoloni, naye unaweza kumsoma kwa Kiswahili: Gabriel Ruhumbika na Clement Maganga walikitafsiri kitabu chake cha 1961 kwa jina la Viumbe Waliolaaniwa. Ukikiona popote usikiache, hata kama hakina jalada.

Hatua ya 6: Sasa Marx, lakini kwa mlango wa uani

Maandishi ya Marx, rafiki na mshirika wake Engels, Lenin na mjamaa Rosa Luxemburg yanapatikana bure kwenye hifadhi ya marxists.org. Pakua kwenye simu, ongeza ukubwa wa herufi. Kama macho yanakusumbua, chapisha kurasa za kijitabu kimoja stesheneri kisha uzishone.

Usianze na Ilani ya Kikomunisti, japo kila mtu atakwambia hivyo. Anza na hotuba ya Juni 1865 inayojulikana kama Value, Price and Profit. Marx aliisoma London mbele ya halmashauri ya Jumuiya ya Kimataifa ya Wafanyakazi, na aliisoma kwa Kiingereza, kwa hiyo hakuna mfasiri kati yako na yeye. Alikuwa anamjibu seremala mmoja, John Weston, mjamaa mwema tu, aliyesema kwamba mishahara ikipanda bei nazo zitapanda, kwa hiyo kudai nyongeza ni kazi bure.

Niliposoma hapo nilicheka peke yangu. Abiria wa daladala alikuwa amefika London mwaka 1865!

Jibu la Marx, kwa kifupi, ni kwamba bei haitokani na mshahara kujumlishwa na faida kama mtu anavyorundika matofali. Thamani huzalishwa na kazi kwanza, ndipo hugawanywa. Mshahara ukipanda, kinachobanwa kwa kawaida ni faida. Ili uelewe usikariri, fanya hesabu hii kwenye daftari. Fundi cherehani ameajiriwa katika fremu Kariakoo, saa 10 kwa siku, analipwa shilingi 15,000. Kwa siku anashona mashati 10. Kila shati linauzwa 8,000, na ndani yake kitambaa, uzi, vifungo, umeme na uchakavu wa cherehani vimekula 5,000. Thamani mpya aliyoitia fundi katika kila shati ni 3,000. Mashati matano ya kwanza yamerudisha mshahara wake wote. Mashati matano ya mchana je? Hiyo ndiyo thamani ya ziada. Saa tano amejifanyia yeye, saa tano amemfanyia mwenye fremu, ingawa mkononi analipwa kama siku moja isiyo na mshono.

Tajiri atakujibu kwamba ana kodi ya fremu, ana riba ya benki, ana hatari ya kukosa wateja. Usimpuuze, ni hoja ya kweli kabisa kutoka upande wake. Marx anasema kodi, riba na faida vyote ni ndugu wa mfuko mmoja, vinatoka kwenye mashati yaleyale matano. Kwamba huyo anayebeba hatari anastahili sehemu gani ya mfuko, hilo ndilo swali la siasa, na hesabu peke yake haitakusaidia.

Baada ya hapo soma Wage Labour and Capital, mihadhara aliyowapa wafanyakazi wa Kijerumani mjini Brussels mwaka 1847. Mwaka 1891 Engels aliihariri na kubadili jambo moja: palipoandikwa kwamba mfanyakazi anauza kazi yake, akaweka kwamba anauza nguvukazi yake. Rudi kwa fundi wetu uone kwa nini neno hilo moja lilimshughulisha mzee.

Ndipo uichukue Ilani ya 1848. Soma sura ya kwanza kwa sauti, ni maandishi ya kusikilizwa. Sura ya pili ina orodha ya madai kumi. Weka tiki kwa kila dai ambalo nchi yako leo inalitekeleza au inadai inalitekeleza: kodi inayopanda kadiri kipato kinavyopanda, elimu ya bure kwa watoto, kupiga marufuku watoto kufanya kazi viwandani. Utashangaa ni mangapi yamekuwa sheria za kawaida katika nchi zisizojiita za kijamaa. Sura ya tatu iruke bila kuomba radhi, inasuta waandishi wa wakati ule ambao wengi wao hakuna anayewasoma tena.

Na Capital? Novemba 1867, kitabu kikiwa kipya dukani, Marx alimwandikia rafiki yake daktari Kugelmann amwambie mkewe aanze na sura zinazosomeka mara moja: siku ya kazi, ushirikiano na mgawanyo wa kazi na mashine, na mwisho ile ya limbiko la awali, yaani jinsi mtaji wa mwanzo ulivyopatikana kwa kuwanyang'anya watu ardhi. Katika chapa nyingi za Kiingereza sura ya siku ya kazi ni ya 10, na limbiko la awali linaanza ya 26. Nilikiondoa kitabu changu mlangoni nikaanza hapo. Sura ya 10 si falsafa. Ni ripoti za wakaguzi wa viwanda wa serikali ya Uingereza, ni kesi, ni majina. Kuna mshonaji wa London, Mary Anne Walkley, miaka 20, aliyefariki Juni 1863 baada ya kushona saa 26 na nusu bila kupumzika, pamoja na wasichana wengine 60, 30 katika kila chumba, wakiharakisha magauni ya mabibi wa kwenda dansini. Baada ya kumsoma yeye, ile sura ya kwanza iliyonishinda niliisoma kwa wiki tatu na nikaimaliza. Sikusema niliielewa yote.

Hatua ya 7: Kila kitabu, mpinzani wake

Kusoma upande mmoja ni kula ugali bila mboga: utashiba, lakini utaugua. Chagua wapinzani wa aina mbili, wa ndani na wa nje.

Wa ndani ni wajamaa wenyewe. Rosa Luxemburg, akiwa gerezani Ujerumani mwaka 1918, aliyasifu mapinduzi ya Urusi na papo hapo akawaonya Lenin na Trotsky kwamba uhuru ni wa yule anayefikiri tofauti. Issa Shivji, msomi wa Tanzania, aliandika Class Struggles in Tanzania mwaka 1976 kusema kwamba baada ya kutaifisha, mali haikuwafikia wakulima na wafanyakazi bali ilishikwa na wakubwa wa serikali na mashirika ya umma, ambao wakageuka tabaka. Hata George Orwell yumo humu. Watu wanasoma Shamba la Wanyama, tafsiri ya Fortunatus Kawegere iliyotoka 1967, mwaka uleule wa Azimio, wakidhani ni kitabu cha kupinga ujamaa. Mwandishi alikuwa mjamaa, alipigwa risasi ya shingo akipigana upande wa kushoto katika vita vya Hispania.

Wa nje, msome mchumi Friedrich Hayek, The Road to Serfdom, 1944. Hoja yake yenye nguvu ni kwamba hakuna ofisi inayoweza kujua mahitaji ya mamilioni ya watu, na bei ndiyo inayobeba habari hizo. Mtu aliyepanga foleni ya sukari na sabuni kwenye duka la kaya mwaka 1982 anaielewa bila kufafanuliwa. Lakini naye umhoji: foleni zile zilitokana na mpango peke yake, au pia na ukame wa 1973 na 1974, mafuta kupanda 1973 na tena 1979, Jumuiya ya Afrika Mashariki kuvunjika 1977, na vita vya Kagera? Tenga ukurasa wa daftari, andika sababu zote, halafu zipange kwa uzito unaouona wewe. Mimi nimezipanga mara tatu, na kila mara mpangilio umebadilika.

Hatua ya 8: Tafuta mtu wa kubishana naye

Wawili wanatosha, watano ni wengi wa kutosha. Kutaneni mara moja kwa wiki mbili, mahali penye chai. Kila mmoja asome kurasa zilezile zisizozidi 30. Aliyesoma aanze kwa kueleza hoja ya mwandishi kwa namna ambayo mwandishi mwenyewe angekubali, ndipo apewe ruhusa ya kumkosoa. Sheria hiyo moja ilimaliza nusu ya ugomvi wa barazani kwetu. Asiyesoma anunue maandazi, asichangie.

Kwa mwendo huo, haya yote yatakuchukua mwaka na nusu hivi. Mwishoni chukua tena kile kijitabu cha kwanza, Azimio, ukisome kwa kalamu ya rangi nyingine juu ya alama zako za zamani. Nakala yangu sasa ina rangi tatu. Kwenye yale masharti ya uongozi, penye nyumba za kupangisha, penseli ya mara ya kwanza inasema "safi sana". Wino wa bluu chini yake unasema "1991". Wino wa kijani ni wa binti yangu, aliyeazima kijitabu mwaka jana bila kuniambia: "Baba, na vile vyumba vyetu vya Mbagala?"